Sikio la Kushoto

Stima imepotea tangu saa nne.
Mashine ya fotokopi imefunga mdomo
kama wifi aliyenuna.
Nami, karani wa duka hili la Langoni,
nina penseli ya urefu wa kidole gumba,
mkia wake nimeutafuna mwenyewe,
na rundo la karatasi zilizoharibika:
fomu za basari zilizotoka kombo,
migongo yao myeupe, haijamkosea mtu.

Basi namchora Shekuwe Famau.

Simchori kwa heshima. Heshima nilimpa jana
ukumbini, harusini kwa kina Mselemu,
alipogusa udi, nyuzi mbili tu,
nikarudi nyumbani na kiatu cha mtu.
Leo ni zamu ya mchezo.

Naanza na pua,
maana pua yake ndiyo hutangulia mlangoni.
Naivuta, naivuta, hadi inaning'inia
juu ya nyuzi kana kwamba inataka kuzionja.
Mashavu: mahamri mawili yamefura.
Tumbo na udi nimevichanganya,
sijui nyama imeishia wapi, mbao zimeanzia wapi.
Vidole nilikusudia vitano,
vikatoka saba. Naviacha.
Aliyewahi kumsikia atanitetea.
Kofia naifanya ya mtoto,
imekaa utosini kama kifuniko cha chupa.

Kisha masikio.
Hapo ndipo mkono uliponitoroka.
Mawili, mapana, nyungo za kupepetea,
kila sauti ipite humo,
chuya upande huu, mchele upande ule.

Twalibu wa laminesheni akainama:
"Huyu ni mbuzi?"
Nikamwambia akae kando na gundi yake.
Mama aliyeleta cheti cha kuzaliwa
akatazama, akabana ncha ya buibui kwa meno,
mabega yakamtikisika:
"Shekuwe! Wallahi ni Shekuwe!
Nawe hutaiona pepo."

Saa sita kasorobo
kivuli cha pua kikaingia,
kisha pua, kisha yeye,
na kitambulisho mkononi,
chatakiwa nakala mbili, za kwenda nazo hospitali.
Nikaifunika picha kwa stepla.
Stepla ni ndogo.
Masikio yakabaki nje, huku na huku.

Akaivuta kwa kidole kimoja, kile cha kupigia.
Akailaza ubavuni mwa kitambulisho.
Mato yake yakenda kule, yakarudi huku.
"Serikali," akasema,
"imenitoa kama mtu aliyeiba kuku.
Wewe umenitoa kuku mwenyewe."

Akacheka kwa pua. Nami nikathubutu kucheka.
Kisha akagusa lile sikio la karatasi, la kushoto.
"Hili lipunguze, mwanangu.
Halisikii. Mwaka wa pili sasa.
Ndiyo maana hukaa mwisho wa safu,
wenzangu wote wawe kuliani.
Nao wadhani ni adabu."

Jana, basi.
Jana ule udi ulionivua kiatu
ulipigwa kwa sikio moja.

Kifutio nilikuwa nacho, kipya, kwenye droo.
Nikasema kimepotea.

Stima ikarudi. Mashine ikakohoa.
Nikatoa kitambulisho mara mbili.
"Na hunu kuku pia," akasema.
Wino ulikuwa ukingoni,
upande mmoja ukatoka hafifu,
sikio la kushoto kama alama ya kikombe mezani
baada ya kupanguswa.

Akaiangalia nakala kwa muda.
Akaniachia.
Akaikunja ile ya penseli,
yenye sikio zima, lenye chumvi yake yote,
akaitia mfukoni mwa kanzu, akatoka,
pua mbele.

Twalibu akauliza
shilingi kumi ya kuku italipwa na nani.